Helikopta kubwa ya rimoti uifunge injini gani? Umeme, petroli, jeti na nitro, kuanzia iliyo bora

Mtu anayejenga helikopta kubwa ya mfano humaliza miezi akihangaika na rangi, ribiti na vioo vya chumba cha rubani, kisha mota anaichagua jioni moja kwa kufuata namba kubwa zaidi kwenye tangazo. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Helikopta ya namna hii haihitaji nguvu za kutisha. Kazi yake ni kuzungusha pangaboi kubwa polepole, na gia ndiyo inayoamua hilo kabla ya mota.

Tuchukue AS350, helikopta ambayo wakazi wa Nairobi wameizoea angani. Pangaboi la ile halisi lina kipenyo cha mita 10.69, kwa hiyo mfano wa moja kwa sita unapata kama mita 1.78. Ukiwa na kilo 10, unaning'inia hewani kwa wati 900 hadi 1,000 za umeme, takriban nusu ya zinazoliwa na birika la kuchemshia maji. Hesabu zote zilizo hapa chini ni za mfano huo.

1. Umeme

Kwa wanunuzi wengi hili ndilo jibu, na sisiti kulisema. Mota haitetemeshi bodi, haimwagi oili juu ya rangi, na haipungukiwi nguvu kwa sababu ya mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake nyepesi huongeza kazi ya pangaboi kwa asilimia kama tisa, lakini mota yenyewe haihitaji hewa ili itoe nguvu.

Anza na mwendo wa pangaboi unaoutaka. Kwa kipenyo hiki, mizunguko 1,200 kwa dakika inatosha na inapendeza machoni. Betri ya 12S, yaani ya seli 12 zilizounganishwa kwa mfuatano, ina volti 44.4. Mota ya kv 450, yaani inayozunguka mara 450 kwa dakika kwa kila volti, ikiendeshwa kwa asilimia 85 ili gavana, kidhibiti cha mwendo wa pangaboi, abaki na akiba, itazunguka karibu mara 17,000 kwa dakika. Gawanya kwa 1,200 upate 14. Basi unahitaji gia za 14 kwa 1, yaani mota izunguke mara 14 kwa kila mzunguko mmoja wa pangaboi. Fremu nyingi za michezo za saizi ya 700, yaani zenye mapanga ya kama milimita 700, zina gia za karibu 10 kwa 1, na kwa mota hiyohiyo zitakupa mizunguko 1,700. Wengi hutatua hilo kwa kushusha gavana hadi asilimia 60. Usifanye hivyo: ESC, kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota, hupata joto kali inapobana mota muda wote, na siku ya jua la Mombasa inaweza kuzima ikiwa angani. Nunua mota yenye kv ndogo, au fremu yenye gia za hatua mbili kama zile zinazotengenezwa na Vario wa Ujerumani kwa ajili ya helikopta zinazoiga zile halisi.

Sasa betri. Wati 950 kwa volti 44 ni ampea 22 tu. Pakiti ya mAh 10,000, yaani ampea-saa 10, iliyoandikwa 20C inadai kutoa ampea mara 20 ya hizo, yaani 200, kwa hiyo hata kama maandishi yamepiga chumvi nusu kwa nusu, bado umebaki na ziada kubwa. Hakuna sababu ya kulipia 70C, zile ni za warushaji wa sarakasi. Pesa iliyobaki iongeze kwenye ukubwa wa pakiti. 12S ya mAh 5,000 ina watisaa 222 (volti mara ampea-saa). Ukitua ikiwa imebaki asilimia 20, umening'inia kama dakika 11. Ya mAh 10,000 hukupa mara mbili ya hizo, kasoro kidogo kwa sababu ya uzito wake.

Kwa anayeagiza Dubai au Ulaya na kubeba mwenyewe, hesabu hubadilika. Mashirika ya ndege huruhusu betri za lithiamu za watisaa 100 hadi 160 kwa idhini yao, zisizidi mbili za akiba, na ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Pakiti ya 6S ya mAh 5,000 ina watisaa 111, hivyo mbili zinaweza kupita na ukaziunganisha kuwa 12S. Ya 6S ya mAh 10,000 ina 222. Hiyo haipandi ndege ya abiria. Ulizia njia ya mizigo kabla hujailipia.

Usisahau plagi za kuzuia cheche, kwa kuwa volti 50 hula shaba kila unapounganisha, wala betri ya pekee ya risiva inayopokea mawimbi ya rimoti na servo, vimota vinavyosogeza vidhibiti. ESC ikifa, bado utaongoza helikopta ikishuka.

2. Petroli

Hii ni ya mtu anayerusha mbali na umeme, au anayechukia kungoja chaja. Injini za Zenoah za cc 23 mpaka 29 ni jamaa wa karibu wa zile za mashine za kufyekea majani, kwa hiyo fundi wa mashine hizo ataielewa kabureta yake bila mafunzo. Nusu lita ya petroli iliyochanganywa na oili ya tu-stroki hukurusha kama nusu saa. Unajaza tena, unaondoka.

Gharama yake ni mtetemo. Skrubu hulegea, waya huchubuka, na jairo, kihisi kinachotuliza helikopta, inahitaji kufungwa juu ya sponji nzuri. Nyanda za juu nazo hula nguvu: kwa mwinuko wa Nairobi injini inapoteza karibu asilimia 17. Cc 26 bado itabeba kilo 10 huko, ila kwa kilo 13 ningepanda hadi 29. Na usikubali kununua bila feni ya kupozea na klachi vilivyokusudiwa helikopta.

3. Jeti

Hakuna kitu kinachofanana na AS350 halisi kuliko mfano unaonguruma kwa turbini kama ile halisi. JetCat wa Ujerumani na Jakadofsky wa Austria hutengeneza injini ambazo turbini ya pili huzungusha gia bila kuunganishwa na ya kwanza. Sauti ile ikipanda taratibu wakati wa kuwasha, uwanja mzima hugeuka kutazama, na mimi ningekuwa wa kwanza.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya yanayoambatana nayo. Bei huhesabiwa kwa maelfu ya euro. Mafuta ya taa, yakichanganywa na asilimia kama tano ya oili ya turbini, huteketea kwa takriban mililita 200 kwa dakika, yaani lita mbili kwa dakika kumi. Baada ya saa kadhaa za kazi injini hurudishwa kwa mtengenezaji kukaguliwa, na kutoka Dar es Salaam hiyo ni safari. Beba kizimamoto cha CO2. Cha poda kitazima moto na kuiua injini pia. Marekani, chama cha warushaji wa ndege za mfano, AMA, humtaka mrushaji awe na kibali maalumu cha turbini. Kwetu, onana na mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA ya Tanzania au KCAA ya Kenya, kabla ya kuagiza. Inafaa kuanzia kilo 12 hivi kwenda juu, kwa mtu ambaye tayari anarusha helikopta kubwa bila wasiwasi.

4. Nitro

Injini ya saizi 90, yaani cc 15, inaweza kubeba helikopta ya kilo sita au saba. Lakini mafuta yake ni methanoli, oili na nitromethane, vitu ambavyo wasafirishaji huvikwepa, na moshi wake hupaka oili kila pembe ya bodi uliyoipaka rangi kwa mkono. Ukipata ya mtumba ndani ya fremu nzuri, nunua kwa ajili ya fremu, kisha uliza kama kuna seti ya kuigeuza iwe ya umeme.