Kubadili kipande kimoja kimoja au kuhama kwa mkupuo: AM4 na AM5

Chukua kompyuta ya gemu yenye prosesa ya Ryzen 5 3600, madabodi ya B450 na RAM ya DDR4. Kubaki AM4, yaani soketi ya prosesa za AMD iliyo kwenye madabodi hiyo, maana yake ni kubadili kipande kimoja kila baada ya miaka miwili au mitatu. Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 inaingia soketi ileile, na keshi yake ya L3 (kumbukumbu ya kasi iliyo ndani ya prosesa) ya MB 96 hupunguza sana kukwamakwama kwa gemu. Wengi hukosea hapa: wanachomoa prosesa ya zamani kabla ya kusasisha BIOS, programu ya madabodi inayowasha kompyuta, halafu skrini inabaki nyeusi. Sasisha kwanza. Kisha cheza gemu dakika kumi ili grisi ya joto ilainike, zima, chomoa waya wa umeme, na uzungushe kipoozeo taratibu kabla ya kukiinua. Ukikivuta kwa nguvu, prosesa hutoka nacho na pini zake hupinda.

AM5, soketi iliyofuata AM4, inadai zaidi: prosesa, madabodi na RAM ya DDR5 kwa pamoja, kwa kuwa DDR4 haiingii. Unacholipia ni nafasi ya kupanda baadaye. AMD imeahidi kuitegemeza soketi hiyo hadi 2027 na kuendelea. Inamfaa anayeanza upya. Mwenye B450 nzima abaki alipo.

Kadi ya picha inahamishika popote. Ikiwa inatumika asilimia 97 au zaidi wakati wa gemu, prosesa mpya haitakuongezea fremu (idadi ya picha kwa sekunde). Badilisha kadi, ukihakikisha kwanza pawa saplai inaimudu.