Cisco 2511 kuukuu kwenye maabara yangu ya nyumbani: uzoefu wangu

Nilichoka kuchomoa kebo ya konsoli (tundu la kuingilia kwenye mipangilio ya kifaa) kwenye ruta hii, kuichomeka kwenye swichi ile, kisha kurudi kuinama mbele ya laptopu. Cisco 2511 iliyotumika imenitoa huko: inashika konsoli za vifaa vyangu kwa pamoja, nami nachagua ya kuingia. Ni ruta ya miaka ya 1990, kwa hiyo usiitegemee kusukuma intaneti ya nyumba, lakini ina laini 16 za asinkroni, yaani njia 16 za kuunganisha konsoli, na ndizo nilizozifuata.

Laini hizo zinatoka kwenye matundu mawili ya pini 68. Kila tundu linapokea kebo ya pweza: kichwa kimoja kinene, kisha mikia minane ya RJ45. Nyaya zimeshageuzwa kiwandani, hivyo mkia unaingia moja kwa moja kwenye konsoli ya vifaa vya Cisco. Upande wa Ethernet kuna AUI tu, tundu la zamani la pini 15, kwa hiyo tafuta na transiva, kigeuzi cha kukupa RJ45. Kasi ni Mbps 10. Kwa maandishi ya konsoli yanayotembea kwa biti 9600 kwa sekunde, inatosha na kubaki.

Kuipanga si kazi kubwa. Unaingia "line 1 16", unaandika "transport input telnet" (Telnet ni njia ya kuingia kwenye kifaa kupitia mtandao), maana tangu IOS 11.1, programu endeshi ya Cisco, laini hizi hazipokei muunganisho wowote mpaka uziruhusu. Kisha "no exec", na hii usiiruke hata kidogo. Bila amri hiyo, 2511 inadhani upande wa pili wa waya kuna mtu anayetaka kuingia. Swichi ikiwaka na kumwaga ujumbe wake, 2511 inaitikia kwa kuomba neno la siri. Swichi nayo inaona kuna aliyebonyeza kitu, inajibu, na hapo wanaanza soga isiyoisha. Ukija kuunganisha unakataliwa, laini ina mtu! Dawa ya papo hapo ni "clear line 3" (3 ni namba ya laini), lakini bila "no exec" mchezo utaanza upya.

Namba ya poti ya Telnet ya kufikia laini ni 2000 ukijumlisha namba ya laini hiyo. Nimetengeneza loopback (anwani ya ndani ya 2511 yenyewe) ya 10.1.1.1, nikaandika "ip host SW3 2003 10.1.1.1". Sasa nikiandika SW3 tu naangukia kwenye konsoli ya swichi ya tatu. Ctrl+Shift+6 kisha x inanirudisha 2511, na swichi inabaki wazi ikinisubiri. Raha ya kifaa hiki iko hapo.

Vifaa visivyo vya Cisco vinataka uangalifu kidogo. MikroTik yangu inaongea kwa 115200, kwa hiyo laini yake ina "speed 115200" na "stopbits 1". Ukiona skrini imejaa takataka zisizosomeka, kagua kasi kabla hujaanza kulaumu waya.

Telnet haifichi chochote, maneno ya siri yanapita uchi. 2511 yangu nimeifungia kwenye VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa. Naingia kwanza kwa SSH, inayoficha mawasiliano, kwenye kompyuta ya Linux, halafu ndiyo naifikia.

Kwa anayefanyia mazoezi vifaa halisi, naipendekeza bila kusita. Hakikisha tu inauzwa pamoja na kebo zote mbili za pweza, na kabla hujatoa hela mwambie muuzaji aiwashe na kuandika "show line". TTY (ndizo laini hizo) 1 hadi 16 zote zionekane.