The Farewell: bibi anaumwa, ukoo mzima unajua isipokuwa yeye

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Leo nawaletea The Farewell, filamu ya mwaka 2019 ya mwongozaji Lulu Wang. Sehemu kubwa ni Kichina, kwa hiyo utasoma maandishi chini ya skrini. Simu weka mbali.

Bibi mmoja wa mji wa Changchun ana saratani ya mapafu, hatua ya nne. Watoto wake wanajua, wajukuu wanajua. Yeye anaambiwa kilichoonekana kwenye vipimo ni vivuli tu visivyo na madhara. Ili ndugu walioko Marekani na Japani wapate kumuaga bila kumshtua, inaandaliwa harusi ya mjukuu wake wa kiume. Na Lulu Wang hakubuni: bibi yake mwenyewe alifichwa hivyo hivyo. Hata mama anayeigiza mdogo wake bibi ndiye mdogo wa kweli wa bibi yake Lulu Wang, anayarudia mbele ya kamera aliyoyafanya.

Naomba mtazame vizuri tukio la hospitali. Billi, mjukuu wa kike, anayeigizwa na Awkwafina, anamuuliza daktari kwa Kiingereza kama hali ni mbaya. Bibi yuko hapo hapo, haelewi kitu, yeye anataka kujua kama huyu daktari kijana ameshaoa! Baadaye majibu ya vipimo yanakimbizwa stesheneri yakabadilishwe kabla hajayasoma.

Sasa jamani, si ndivyo tunavyofanya? "Mama asiambiwe, presha itapanda." Mzee ana saratani, nyumba nzima inasema vidonda vya tumbo. Ami yake Billi anajitetea kwamba kuubeba mzigo huo ni wajibu wa familia, na nilimwelewa. Hakuna anayeficha kwa ubaya pale. Bibi mwenyewe alimfanyia hivyo marehemu mumewe.

Ila kuna jambo filamu imelikwepa: maumivu. Bibi anakohoa kidogo, asubuhi anafanya mazoezi, harusi anaisimamia yeye. Wagonjwa wetu wengi hawako hivyo. Saratani ikikolea mtu anahitaji tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso, anahitaji morfini, dawa kali ya maumivu, ile ya maji ambayo shirika la Hospice Africa Uganda wameitumia tangu miaka ya 1990. Utamweleza nini mgonjwa wa "vidonda vya tumbo" unapompeleka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kupigwa mionzi? Na kama ana deni, ana shamba hajaligawa, ana mtu wa kumwomba radhi, atajuaje kwamba muda umekwisha? Hapo ndipo mimi na ami tunapoachana.

Kwa uigizaji sina neno. Awkwafina alipewa Golden Globe mwaka 2020, lakini kwangu anayeibeba filamu ni Zhao Shuzhen, bibi mwenyewe. Utatamani awe wako.

Mwisho siutoboi. Kama nyumbani kuna mgonjwa, itazame na ndugu zako kabla hamjakaa kikao cha kuamua. Kisha niandikieni hapo chini: kwenu ni nani anayeamua mgonjwa aambiwe nini? Nitasoma zote.