Miezi sita katika duka la pari la komini ya Kenya, Lubumbashi: je, kweli ni kuwekeza?

Juu ya kaunta ya duka la pari, yaani la kubashiri matokeo ya mechi kwa pesa, lililo Kenya, komini (mtaa) mmojawapo wa Lubumbashi, Kongo, ambalo nimekuwa nikiingia kila Jumamosi tangu Januari hadi mwisho wa Juni, kumebandikwa karatasi kubwa ya njano inayosema kwamba anayecheza hapo anawekeza. Kijana wa kaunta analiamini tangazo hilo. Siku ya kwanza aliponiona ninalisoma, aliniambia: "Papa, hii si bahati nasibu. Ukijua mpira, ni sawa na wale wanaonunua hisa Ulaya." Nilirudi kila wiki ili kulipima neno lake, na tathmini hii inalihusu hilo kuliko viti na feni, ingawa navyo nitavitaja, kwa kuwa mteja anastahili kujua.

Kwa upande wa huduma, duka hili linafanya kazi yake vizuri. Ni safi, lina viti vya kutosha, na umeme ukikatika jenereta huwashwa kabla watu hawajaanza kunung'unika. Aliyeshinda hulipwa siku ileile, kwa fedha taslimu au kupitia simu, na kwa muda wote huo sijamwona mtu mwenye tiketi halali akifukuzwa au kuambiwa arudi kesho. Wasichana wawili wa zamu ya mchana wana subira kubwa kwa wazee wasioona vizuri maandishi madogo ya tiketi. Kinachonikera ni zile televisheni mbili za pembeni zinazoonyesha mechi za kompyuta, ambazo hazina wachezaji wala uwanja, na huanza upya kila baada ya dakika chache. Aliyeliwa kwenye mechi moja hapewi hata nafasi ya kutoka nje kuvuta hewa kabla nyingine haijaanza.

Niliweka franka 2,000 kila Jumamosi kwa wiki 26, yaani franka 52,000 kwa jumla. Tiketi nne zilishinda na zikanirudishia franka 34,600. Sitaki msomaji aitumie hesabu hiyo kama ushahidi, kwa sababu tiketi 26 ni chache mno, na jirani yangu angeweza kucheza wiki hizohizo akatoka na faida. Ushahidi uko katika bei yenyewe, na bei hiyo imeandikwa wazi ukutani kwa yeyote anayetaka kuipigia hesabu.

Nilinakili kwenye daftari viwango vya malipo, vile ambavyo hapa kwetu kila mtu huviita "cote", vya mechi moja ya Jumamosi ya Machi: mwenyeji kushinda 2.10, sare 3.20, mgeni kushinda 3.40. Ukipatia, dau lako huzidishwa kwa namba hiyo. Sasa tuseme mtu hataki kubahatisha hata kidogo, anataka apokee franka 10,000 vyovyote mechi itakavyokwisha. Itambidi aweke franka 4,762 kwa mwenyeji, 3,125 kwa sare na 2,941 kwa mgeni. Ukizijumlisha unapata franka 10,828. Amefunika matokeo yote matatu, hakuna jambo lolote la uwanjani linaloweza kumshtua, na bado amepoteza franka 828 kabla ya filimbi ya kwanza. Hizo ndizo bei ya kuingia, na duka huzipata bila kujali nani amefunga.

Kwenye tiketi ya mechi nyingi zilizounganishwa, ambayo vijana huipenda kwa sababu dau dogo huahidi pesa nyingi, makato hayo hurudiwa kwa kila mechi inayoongezwa. Kama viwango vyote vimekatwa kama vile nilivyonakili, kila franka 100 zilizowekwa kwenye tiketi ya mechi tano zinatarajiwa kurudisha takriban 67 tu, na kwenye tiketi ya mechi kumi takriban 45. Nimewaona watu wakilia kwamba mechi moja tu ndiyo iliyowaangusha, na ninawahurumia kwa dhati, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba tiketi inavyorefuka ndivyo sehemu ya duka inavyonenepa.

Kijana wa kaunta hujibu kwamba ujuzi wa mpira hubadilisha yote hayo. Mji huu haukosi wajuzi wa mpira. Lakini wazee wetu wanakumbuka, na vijana wamesimuliwa, jinsi Mazembe, klabu yetu ya hapa Lubumbashi, ilivyoifunga Internacional ya Brazili mabao 2-0 mwezi Desemba 2010 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, wakati wajuzi wa dunia nzima walikuwa wakingojea fainali ya Wabrazili hao na Inter ya Milan. Ujuzi upo, ila anayepanga viwango anao pia, na ameshautia ndani ya bei kabla hujafika kaunta. Ili upate faida ya kudumu haitoshi kujua kuliko jirani yako. Inakupasa umzidi yeye kwa kiasi kinachofidia makato yake.

Hisa ni kitu kingine. Binamu yangu anayeishi Kitwe, Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, ana hisa chache za CEC, kampuni ya umeme ya Copperbelt iliyoorodheshwa katika soko la hisa la Lusaka, ambayo huuza umeme hata kwa migodi ya huku kwetu. Wakati yeye amelala, mitambo ya migodi inazunguka na ankara zinalipwa. Faida ikipatikana na wakurugenzi wakiamua kuigawa, naye hupata gawio lake, hata kama ni dogo. Pesa iliyoingia kwenye tiketi yangu haikuzalisha kitu chochote. Ilitoka mfukoni mwangu ikaenda kwa mshindi mwingine, baada ya duka kuchukua sehemu yake, na dakika ya 90 ilipofika tiketi ilikufa. Hisa haina dakika ya 90.

Sisemi kwamba hisa ni salama. Sisi wa Katanga tunajua: mali za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya madini, hapa Kongo zilichukuliwa na serikali ya Mobutu tarehe 1 Januari 1967, na wenye hisa kule Ubelgiji wakajikuta kampuni yao imeondolewa kwenye chanzo cha utajiri wake. Mei 2025 mitetemo ya ardhi ilisimamisha kazi za chini ya ardhi katika mgodi wa Kakula, karibu na Kolwezi, na hisa za Ivanhoe Mines, mmoja wa wamiliki wa mgodi huo, zikaporomoka katika soko la Toronto. Hata hivyo, aliyekuwa na hisa ya Ivanhoe jioni ile alibaki na sehemu yake ya mgodi, akaweza kusubiri. Union Minière yenyewe haikufa. Leo inaitwa Umicore. Lakini anayekopa pesa ili anunue asubuhi na auze jioni kwa kutazama mistari kwenye simu, huyo namweka karibu na kaunta ya pari kuliko karibu na binamu yangu.

Linaloniumiza ni kwamba ulinganisho wa duka hili unapata wateja kwa sababu upande wa pili hauonekani. Kongo haina soko la hisa. Lile la Lusaka, lililofunguliwa mwaka 1994, linahitaji akaunti, dalali na kwacha, wakati duka la pari liko hatua chache kutoka kituo cha pikipiki. Hati za hazina, yaani za kuikopesha serikali kwa riba, ambazo serikali yetu imekuwa ikitoa tangu 2019 hununuliwa kupitia benki, na sijawahi kuona tangazo lake popote katika komini ya Kenya. Hivyo manseba, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, mwenye umri wa miaka 22 husoma neno "kuwekeza" kwa mara ya kwanza maishani mwake kwenye karatasi ile ya njano, na hulielewa jinsi lilivyoandikwa hapo. Mmoja wao, tuliyezoea kukaa benchi moja, aliweka pesa ya siku anayopaswa kumkabidhi mwenye pikipiki, akiniambia kwa utulivu kabisa kwamba mtaji lazima uzunguke. Likelemba ya mama yake, yaani mchango wa kikundi unaopokewa kwa zamu, inamrudishia mama huyo kila franka anayotoa, lakini hiyo kijana haiiti kuwekeza.

Kwa hiyo, kama mahali pa kutazamia mechi ukiwa na franka 2,000 ambazo umekwisha kuziaga, ninalisifu duka hili bila kusita. Jumamosi ya mwisho nilimwomba msimamizi abandue tangazo lile, nikamwonyesha daftari langu na zile franka 10,828. Alizifuatilia tarakimu kwa kidole mara mbili, akazikubali, kisha akasema kwamba karatasi imetoka makao makuu na yeye hana ruhusa ya kuigusa. Ilikuwa bado ukutani nilipopita juzi.