NASA Worldview: vumbi la Sahara naliangalia nikiwa Kirumba, bure kabisa

Wadau wa Mwanza kama hujawahi kuingia NASA Worldview aisee ingia leo. Ni tovuti ya bure, huulizwi jina wala paswedi, ukifungua inakuja ramani ya dunia yenye picha za setelaiti za siku hiyohiyo, zinaingia masaa machache tu baada ya setelaiti kupita, na ukitaka za zamani unarudisha tarehe mpaka mwaka 2000 huko.

Mimi nakaa sana kwenye dhoruba za vumbi. Weka katikati ya Juni 2020, nenda pwani ya Afrika Magharibi alafu sogeza siku mojamoja, utaliona vumbi la Sahara lina kahawia iliyopauka linaingia Atlantiki linaenda zake mpaka Karibi, lile walilobatiza Godzilla. Juu ya bahari linaonekana vizuri kwa vile maji ni meusi, ila likiwa juu ya jangwa linafanana na mchanga wa chini, hapo inabidi uwashe tabaka la kupima vumbi na moshi hewani ndo unalipata.

Alafu tafuta Bodélé, kaskazini mwa Chad, miezi ya Januari na Februari. Upepo unabanwa katikati ya milima ya Tibesti na Ennedi unatoka na kasi unachota vumbi jeupe, na jamani pale palikuwa ziwa! Mega-Chad, kubwa kuliko Victoria yetu mara kadhaa, lilikauka maelfu ya miaka iliyopita na hilo vumbi ni mabaki ya vijimea vya majini vilivyoishi humo. Linashuka Nigeria na harmatani, ule upepo mkavu wa Sahara, lingine linavuka bahari mpaka Amazon linarutubisha msitu kwa fosforasi. Sisi tunaokula kutokana na ziwa tunatakiwa kulijua hili, walimu wa jiografia hapa mjini waonyesheni watoto, ramani ya kitabuni haifiki hapo hata kidogo.

Kasoro zipo. Sisi tuko karibu na ikweta na huku mapito ya setelaiti za Terra na Aqua hayagusani, siku nyingine unakuta mstari mweusi umepita juu ya Ukerewe hamna picha, dawa yake chagua VIIRS, kamera iliyo kwenye setelaiti za Suomi NPP na NOAA-20, inapiga eneo pana zaidi. Mawingu yakitanda huoni kitu chini. Na wavuvi wangu, hii sio ya kuangalia kabla ya kuingia ziwani, picha za rangi za VIIRS zinapigwa mchana tu, dhoruba ya usiku humo huioni, utabiri fuateni wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Inakula bando hasa ukichezesha siku nyingi mfululizo, na kwa simu vitufe vinabanana, kompyuta ni bora zaidi.

Nyota nne kati ya tano, ya tano naibakiza mpaka waweke Kiswahili.