Uzoefu Wangu: Kuzamia Maziwe na Shindano la Kusaka Hazina Pwani ya Pangani

Ubora wa shindano la kusaka hazina chini ya bahari unategemea mahali hazina yenyewe ilipofichwa. Ikifichwa kwenye mchanga mtupu, washiriki watapekua mchanga. Ikifichwa kwenye matumbawe, watayavunja, hata wakiwa na vyeti vya ngazi ya juu namna gani. Hilo ndilo jambo nililolitazama kwanza nilipojiandikisha kwa safari iliyoandaliwa na kampuni moja ya uzamiaji katika pwani ya Pangani, mkoani Tanga, ambayo ilikuwa na sehemu mbili: asubuhi kuzamia kwenye matumbawe ya Maziwe, na baada ya mapumziko, shindano la kusaka hazina nje ya eneo tengefu. Kampuni hiyo siitaji kwa jina, kwa sababu nina ya kusifu na ya kulalamikia, na mengi kati ya hayo yanawahusu pia waandaaji wengine wa safari za namna hii katika pwani yetu.

Kutoka Tanga mjini tulishuka hadi Pangani kwa barabara ya pwani, tukavuka mto kwa kivuko, kisha tukaendelea kusini hadi Ushongo, ambako boti ilikuwa ikitusubiri. Maziwe iko kilomita chache tu kutoka ufukweni. Asiyeijua historia yake anaweza kuidharau, kwa maana anachokiona ni fungu la mchanga mweupe linalojitokeza maji yanapokupwa na kutoweka yanapojaa. Zamani kilikuwa kisiwa kamili chenye miti, na kasa walikuwa wakipanda hapo kutaga kwa wingi, jambo lililochangia kutangazwa kuwa eneo tengefu mwaka 1975. Miaka michache baadaye miti ikawa imekwisha na kisiwa kikamezwa na bahari. Kasa hawakuacha kuja, lakini mayai yanayotagwa kwenye fungu lile hufunikwa na maji, kwa hiyo wahifadhi na wanakijiji wamekuwa wakiyahamishia ufukwe wa Ushongo ili yaanguliwe salama. Ada ya kuingia katika eneo tengefu hulipwa kabla ya kuondoka, na raia hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni. Ulizeni ada hiyo iandikwe peke yake kwenye risiti.

Mzamo wa asubuhi ulikuwa mzuri kuliko nilivyotarajia. Tulishuka taratibu kando ya ukingo wa matumbawe, maji yakiwa safi kiasi cha kumwona mwenzangu akiwa mbali, na kila tulipogeuka palikuwa na changu, pono wakiguguna mwamba kwa sauti inayosikika wazi chini ya maji, na mkunga mmoja aliyetoa kichwa pangoni na kutukazia macho bila kusogea. Kasa mkubwa alipita chini yetu, kiongozi akatuonyesha kwa mkono tubaki tulipo, tukabaki, naye akaenda zake bila kuharakisha. Katika sehemu moja kulikuwa na vifusi vya matumbawe, mfano wa makovu yaliyoachwa na baruti katika maeneo mengi ya pwani yetu wakati wa uvuvi wa mabomu, na juu ya vifusi hivyo yalikuwa yameanza kuota matumbawe machanga yenye ukubwa wa sarafu. Ukiyaona yalivyo madogo unaelewa ni kwa nini mtu hapaswi kuweka hata ncha ya pezi mahali pale.

Niongeze hapa jambo moja kwa wanaokuja Tanga kwa sababu ya silikanti, samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Ni kweli kwamba wavuvi wetu wamewahi kumnasa kwa jarife, na kwamba Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa kwa ajili yake mwaka 2009. Lakini anaishi kwenye kina ambacho mzamiaji wa starehe hafiki, kwa kuwa kikomo chetu ni mita 40, na mwenye cheti cha mwanzo huishia mita 18. Kampuni itakayokuahidi kumwona silikanti inakudanganya.

Wakati wa mapumziko kiongozi wetu alitueleza habari ya hazina ya kweli iliyowahi kuopolewa baharini mkoani mwetu, na nilipenda kwamba aliianza kabla ya kugusia zawadi. Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani iliyoitwa Rubens, ikiwa imejifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifika pwani hii ikiwa na makaa ya mawe, bunduki na risasi kwa ajili ya jeshi la Wajerumani. Manowari ya Uingereza, HMS Hyacinth, ikaifukuza hadi Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga mjini. Nahodha wa Rubens aliizamisha mwenyewe kwenye maji mafupi, moto ukawaka juu ya sitaha, na Waingereza wakaondoka wakiamini kwamba imeangamia na kila kilichomo. Wajerumani wakarudi, wakaopoa sehemu kubwa ya shehena, na risasi zilizolowa zikafunguliwa moja moja ili baruti yake ianikwe. Mzigo huo uliwasaidia kuendelea na vita. Kiongozi alimaliza kwa onyo: atakayekuta chuma cha zamani, kigae au kitu chochote chenye umbo la risasi, asikiguse, akumbuke mahali kilipo na atoe taarifa. Baruti ya kale inaweza kuwa bado hai, na vitu vya kale vina sheria yake tangu mwaka 1964. Mashindano mengi ya kusaka hazina humtia mzamiaji hamu ya kuokota kila anachokiona. Hapa tuliambiwa mapema kipi ni cha mchezo na kipi si cha mtu kuchukua.

Uwanja wa shindano ulikuwa mchanga mtupu wenye kina cha mita 10 hivi, mbali na mwamba, umezungushiwa kamba yenye maboya. Hazina ilikuwa vibao vidogo vya plastiki vyenye namba, kila kimoja kimefungwa kwenye chubwi ya kuvulia ili kisichukuliwe na mkondo. Kila namba ilikuwa na pointi zake, na pointi zilibadilishwa kwa zawadi ufukweni. Tuligawanywa wawili wawili. Kibao kilichookotwa na mtu aliyemwacha mwenzake hakikuhesabiwa. Atakayepanda na hewa chini ya bar 50 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa mtungini) alifutiwa pointi zote. Glavu zilikatazwa, kwa hoja sahihi kabisa kwamba anayevaa glavu hushika chochote bila kufikiri, na badala yake kila mmoja alipewa kijiti chembamba cha kufukulia, kwa sababu samaki aitwaye taa hujifukia mchangani na mwiba wake si wa mchezo. Makombe na konokono hawakuruhusiwa kuguswa hata wakiwa watupu. Wapo konokono wa baharini wenye umbo la pia ya kuchezea ambao sumu yao inaweza kumuua mtu, na kombe tupu nalo ni nyumba ya kaa.

Sasa nieleze kazi yenyewe ilivyo, maana wengi hudhani ni kuogelea huku na huko mpaka bahati ikuangukie. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kufifia majini, na kufikia mita 10 kibao chekundu kinaonekana cha kahawia iliyokufa, karibu sawa na jani la nyasi bahari lililooza. Waandaaji walilijua hilo, wakaweka pointi nyingi kwenye vyekundu na chache kwenye vya njano, ambavyo huonekana kutoka mbali. Mimi na mwenzangu tulitumia kamba fupi: mmoja alikaa katikati ameshika mwisho wa kamba, mwingine akazunguka naye akiwa ameinyoosha, na kila duara lilipokamilika tuliongeza urefu kidogo. Kwa njia hiyo hakuna mahali panapopitiwa mara mbili wala panaporukwa. Aliyezunguka alipiga mateke ya chura, mapezi yakisukuma maji nyuma na si chini, kwa sababu teke moja la kuelekea chini huinua vumbi la mchanga na kuwafanya wote wawili vipofu kwa dakika kadhaa. Kibao chekundu cha kwanza nilikiona kwa sababu ya kivuli chake, mstari mwembamba mweusi uliokuwa umenyooka mno kuwa wa jani. Nilinyoosha mkono, vidole vikafumba maji matupu, kwani miwani ya kuzamia huonyesha kitu kikiwa karibu zaidi ya kilivyo kwa takriban robo ya umbali. Mkono ukasogea tena, ukagusa uzi, kisha uzito wa chubwi. Furaha yake ni kubwa kuliko thamani ya kibao, na hapo ndipo hatari ya mchezo huu inapoanzia.

Hatari hiyo ni pumzi. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 una lita 2,400 za hewa, na ukitoa akiba ya bar 50 zinabaki lita 1,800 za kutumia. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji, hivyo mtu mtulivu anayepumua lita 20 kwa dakika akiwa juu atatumia lita 40 akiwa chini, na hewa itamtosha dakika 45. Mtu huyohuyo akipandwa na msisimko wa kushindana na pumzi yake ikafikia lita 35, atatumia lita 70, na muda wake utapungua hadi dakika 25 hivi, bila yeye kuhisi kwamba kuna kilichobadilika. Ndiyo maana ile kanuni ya kufutiwa pointi naiona kuwa bora kuliko zote. Wapo waliopanda na vibao vingi wakaondoka mikono mitupu, wakanung'unika, na mwamuzi hakulegeza kamba. Napenda kila mwandaaji afanye vivyo hivyo, na aongeze kituo cha usalama wakati wa kupanda, cha dakika tatu kwenye mita tano, kiwe sharti la kuhesabiwa pointi, maana hapa kituo hicho kilisisitizwa kwa maneno tu.

Jambo jingine la kusifu ni kwamba uchafu nao ulikuwa na pointi. Chupa, vipande vya kamba na mabaki ya nyavu yalipokelewa na kuhesabiwa, isipokuwa wavu mkubwa uliojifunga, ambao tuliagizwa kuweka boya juu yake na kumwachia kiongozi mwenye kisu. Na baada ya shindano vibao vilihesabiwa hadharani kwa kulinganishwa na orodha. Vilipungua, wakufunzi wawili wakashuka kuvitafuta. Kampuni inayoacha plastiki na chubwi mchangani haina haki ya kujiita mpenzi wa bahari, na hawa hawakufanya hivyo.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza ni lugha. Maelezo yote ya usalama yalitolewa kwa Kiingereza, ingawa nahodha, mabaharia na karibu nusu ya washiriki tulikuwa Waswahili. Kijana mmoja wa Tanga aliyekuwa amekuja na kaka yake alinong'ona kuuliza maana ya ishara ya kuishiwa hewa tukiwa tayari tumevaa mitungi. Nahodha, mtu mzima aliyeamkiwa na wote pale botini, ndiye aliyemjibu: "Mwanangu, ukikata mkono shingoni hivi, mwenzio anakupa mdomo wake wa akiba. Usione haya kuuonyesha." Maneno hayo yalipaswa kutoka kwa mkufunzi, mbele ya watu wote, kwa lugha ambayo kila mmoja anaielewa bila kubahatisha. Niliwaandikia kuhusu hili na nasubiri jibu. La pili ni kuchelewa. Tuliondoka ufukweni baada ya muda uliopangwa, na kwa kuwa ilikuwa karibu na bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yalikuwa yameanza kutoka kwa nguvu tulipofika uwanja wa shindano. Jozi zilizopangiwa kushuka mwisho zilipambana na mkondo kuliko zilivyotafuta vibao. Shindano la aina hii lipangwe siku za maji mafu, na saa ya kushuka iwe maji yamesimama. Kalenda ya mwezi iko wazi kwa kila mtu.

Kuhusu vifaa sina neno baya. Regyuleta, yaani vifaa vya kupumulia, zilipumua vizuri, geji zilisomeka, na nilipoomba kuona mtungi wa oksijeni wa dharura nilionyeshwa palepale, umejaa, barakoa yake ikiwa safi. Ombeni hivyo kila mnaposafiri, kabla boti haijang'oa nanga. Chakula kilikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, kingi na kitamu.

Kwa wanaotaka kwenda, msimu wa kaskazi, baada ya mvua za vuli kupungua na kabla ya masika kuanza, ndio wenye bahari tulivu. Kipindi cha masika Mto Pangani humwaga tope jingi, na kusi likikaza bahari huchafuka. Mwenye cheti cha mwanzo anaweza kushiriki bila wasiwasi, ilimradi awe amezamia siku za karibuni na anaweza kuelea bila kugusa chini. Ambaye bado anahangaika na uzito wa mkanda wake ajiunge na mzamo wa asubuhi peke yake. Na anayerudi kwa ndege asikate tiketi ya jioni ileile wala ya alfajiri inayofuata, kwa kuwa baada ya mizamo miwili inashauriwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Alale Pangani au Tanga mjini na kusafiri kesho yake mchana.