Jaguar I-Pace iliyotumika: miezi 17 mkononi mwangu

Magari haya ya umeme yalipokuwa mapya hapa Uingereza yaliuzwa kwa zaidi ya pauni 60,000. Langu ni la 2020. Nimelinunua Leicester, mwanzoni mwa 2024, kwa 21,500. Hasara kubwa aliila mwenyewe wa kwanza. Simjui, Mungu amlipe.

Halikushuka bei kwa ubovu. Serikali ilishusha kodi ya magari ya umeme ya kazini hadi sifuri mwaka wa kodi wa 2020/21, makampuni yakayakodi kwa wingi, na mikataba ilipokwisha yakarudi sokoni kwa mkupuo. Januari 2023 Tesla nayo ikapunguza bei za magari yake mapya. Nani tena atoe pesa za zamani kwa gari lililotumika?

Kuliendesha ni raha, sitadanganya. Lina tani mbili na ushei, lakini ukikanyaga linachomoka, tena kimya. Mama alipokuja kututembelea aliniuliza mara mbili kama nimeshaliwasha.

Nikichaji nyumbani kwa bei ya usiku, betri nzima ya kilowati-saa 90 hainizidi pauni 7. Kwenye barabara kuu, chaji hiyohiyo yataka zaidi ya 60. Hata VAT si moja: umeme wa nyumbani asilimia 5, wa njiani 20. Kiangazi naenda London na kurudi bila kusimama, Januari, kwenye baridi, sithubutu. Kama huna pa kuegesha mlangoni kwako, liache. Tairi nne zimenitoka 780, maana uzito ule unazila, na tangu Aprili 2025 kodi ya barabara pia tunalipa, mwaka huo ilikuwa 195.

Juzi nikamwuliza dalali mmoja angenipa ngapi. 13,500! Yaani pauni 470 kila mwezi zimeyeyuka, hata siku ambazo gari halikutoka uani.

Nikampigia mjomba Mombasa, ambako Toyota Probox mtu huitumia miaka na kuiuza karibu na alivyoinunua.

"Lilete huku, mwanangu, bado halijafika miaka minane," akasema, maana Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri huo.

"Na fundi wa kuifungua betri yake, mjomba, tutamtoa wapi?"

Akanyamaza kidogo.

"Kwani redio yake nzuri?"

"Nzuri sana, mjomba."